Mbuga ya Kiooni na Mbuga ya Sepuka: Maoni kuhusu Lugha, Teknolojia na Maumbile

Neno mbuga husikika Sepuka kwa maana mbili. Mfugaji mtu mzima akilitamka, huwa anakusudia ardhi ya chini yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambayo masika huzama maji na kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kunasa mguu wa ndama. Ni ardhi yenye nyasi nyingi na miti michache, na ng'ombe hupelekwa huko pale majani ya sehemu za juu yanapokauka. Kijana wa shule ya sekondari akilitamka neno hilo hilo, aghalabu anakusudia mahali pengine kabisa: Serengeti, Mikumi, Ruaha, mahali penye simba, lango na kiingilio, ambapo yeye mwenyewe hajapata kufika ila amepaona mara nyingi kwenye kioo cha simu. Wote wawili wanasema Kiswahili fasaha, wala hakuna anayekosea. Lakini wakisimama pamoja ukingoni mwa ardhi ile nyeusi, mmoja yumo mbugani na mwingine hayumo.

Tofauti hiyo si jambo dogo la kimsamiati. Makala haya yanadai kwamba uhusiano wa watu na maumbile, angalau katika sehemu kama Sepuka, umejengwa ndani ya lugha itumikayo kazini. Kwamba teknolojia huudhoofisha uhusiano huo si kwa kuyavuta macho ya mtu tu, bali kwa kuiondoa haja ya kusema maneno fulani mahali fulani. Na kwamba wanataaluma wa Kiswahili, ambao kwa muda mrefu wameliona suala la mazingira kuwa la wanabiolojia na mabwana misitu, wanayo sehemu yao katika hasara hiyo. Hilo la mwisho ndilo lisilosemwa sana.

Yafaa kuanza na malalamiko kama yanavyotolewa. Husemwa kwamba simu, televisheni na michezo ya kompyuta vimemfungia mtoto ndani, na kwamba hata mtu anapokwenda bustanini au hifadhini, huenda ili apige picha na kuondoka. Malalamiko hayo yana ukweli wake, lakini yamezaliwa mjini, tena katika miji ya nchi ambazo watu wake walikwisha kutengwa na shamba vizazi kadhaa kabla ya simu ya mkononi kubuniwa. Bustani ya umma yenyewe ni zao la utengano huo: mji ulipomeza malisho na mashamba, ilibidi kipande kimoja kiwekewe mipaka kibaki kijani. Neno bustani liliingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi kwa njia ya Kiarabu, na tangu huko limebeba wazo la mahali palipopandwa na kutunzwa. Afrika Mashariki inazo bustani za namna hiyo, na historia yake si ya kubezwa. Bustani ya mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Uhuru Park ya Nairobi ilinusurika baada ya Wangari Maathai, mwaka 1989, kupinga hadharani mpango wa kujenga ndani yake jengo la ghorofa 60. Ikumbukwe kwamba katika kisa hicho kilichokuja kuwatenga watu na nyasi zao hakikuwa kifaa cha mkononi. Kilikuwa saruji.

Sepuka haikupata kuwa na shida ya namna hiyo. Iko katika wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, katika nchi ya mawe makubwa ya matale, mibuyu, migunga na mabaki ya miombo, yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Wanyaturu wamelima huko mtama na uwele na kufuga ng'ombe kwa muda mrefu, na katika miongo ya karibuni alizeti imekuwa zao kubwa la biashara. Harold Schneider, aliyeandika mwaka 1970 juu ya uchumi wa Wanyaturu wa kundi la Wahi, alieleza jinsi nafaka na mifugo vilivyobadilishwa, kimoja kikizaa kingine, hata asieweza kumwelewa mkulima asiyemwelewa ng'ombe wake. Katika nchi kama hiyo kilicho cha umma ni mbuga yenyewe, kisima, mapito ya mifugo, na mti mkubwa ambao chini ya kivuli chake mkutano wa kijiji hufanyika. Hakuna aendaye mbugani ili akapumzike katika maumbile. Huenda kwa sababu ng'ombe wana njaa. Na akiwa huko husema: hutaja nyasi ipi imekomaa na ipi ina sumu, udongo umekauka kiasi gani, nyayo ni za mnyama gani na amepita lini. Kutaja huko ndiko uhusiano wenyewe.

Basi mbuga ilihama vipi kutoka chini ya kwato za ng'ombe hadi kwenye kioo? Safari yake inaweza kufuatwa, na haikuanzia kwenye simu. Katika miaka ya 1930 neno hili lilikuwa na heshima kubwa ya kisayansi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alitayarisha ramani ya udongo wa Afrika Mashariki iliyotoka mwaka 1936, akaeleza jinsi udongo unavyobadilika kwa utaratibu kutoka kilimani hadi bondeni. Udongo mweusi wa bondeni waliuita mbuga, yeye na wenzake, na wataalamu waliowafuata wakaendelea kuandika mbuga katika maandishi yao ya Kiingereza bila kulitafsiri. Ni mara chache istilahi ya sayansi imesafiri kwa mwelekeo huo, na inashangaza kwamba jambo hilo halitajwi katika mihadhara ya istilahi, ambayo hupenda zaidi kuhesabu maneno yaliyokopwa kuliko yaliyokopeshwa.

Kilichoibadili safari ni sheria na kamera kwa pamoja. Serengeti ilianza kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa nayo, na Wamasai wakatakiwa kuihama sehemu iliyobaki kuwa hifadhi. Mwaka huo huo ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek, daktari wa wanyama kutoka Ujerumani, aliyoitengeneza pamoja na mwanawe Michael, wakiruka juu ya Serengeti katika ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka mnamo Januari 1959. Filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Msaada wake kwa Serengeti haukanushiki, na asingestahili shukrani atakayeudharau. Hata hivyo filamu hiyo iliufundisha ulimwengu, na baadaye ikawafundisha Watanzania wenyewe, kuitazama nchi kutoka juu, ikiwa pana, yenye wanyama wasiohesabika, na bila mtu ndani ya picha. Vituo vya televisheni vilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994 (Zanzibar walikwisha kuwa nayo tangu miaka ya 1970), picha iliyokuja ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Na simu zenye intaneti zilipofika vijijini, ikaja tena, fupi zaidi na yenye rangi zaidi. Jina rasmi ni hifadhi ya taifa. Lakini watangazaji, walimu na wafanyabiashara wa utalii walizoea kusema mbuga za wanyama, kisha sehemu ya pili ikaangushwa kama ionekanavyo kawaida katika lugha yoyote, likabaki mbuga. Hakuna baraza lililokaa kuamua hivyo.

Mkoa wa Singida wenyewe unayo mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, upande wa kusini, lakini hata hayo siyo anayoyaona kijana yule. Anayoyaona ni ya mbali na ni mazuri, na uzuri huo unamfundisha kimyakimya kwamba maumbile yapo mahali pengine.

Kwamba lugha inaweza kuwa ndiyo uhusiano wenyewe, wala si pambo lake, ni jambo ambalo mshairi angelisema akasamehewa. Kwa bahati njema limepimwa. Ndege wa asali, anayepatikana katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, humwongoza mtu hadi kwenye mti wenye nyuki. Mtu hurina asali, na ndege hupata nta na majana. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Kenya pamoja na Heinz-Ulrich Reyer walichapisha matokeo ya utafiti wao miongoni mwa Waborana wa kaskazini ya Kenya: mrina asiye na ndege alitumia wastani wa saa 8.9 kulipata kundi moja la nyuki, na mwenye ndege saa 3.2. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kwamba huko Niassa, Msumbiji, mwito maalumu wa Wayao, ambao ni mtetemo wa ulimi unaomalizika kwa mguno, uliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hivi hadi 66, na ukauzidisha zaidi ya mara tatu uwezekano wa kuwafikia nyuki, ukilinganishwa na sauti nyingine za nguvu ile ile. Kisha mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakatoa ushahidi unaopaswa kumgusa kila mwanaisimu. Ndege wa nchi ya Wahadzabe huuitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao; wale wa Niassa nao huupendelea wa Wayao. Ndege hujifunza lahaja ya majirani zake. Na Wahadzabe hawako mbali na mjadala huu, kwa maana baadhi yao wanaishi Munguli, wilaya ya Mkalama, katika mkoa ule ule wa Singida.

Sasa ufikiriwe mwito huo unaponyamaza. Mtu haachi kumwita ndege kwa sababu amemchukia. Huacha kwa sababu sukari inauzwa dukani, au kwa sababu nyuki wanafugwa katika mizinga na hakuna haja tena ya kuwatafuta porini. Biashara ya asali ya Singida imejengwa juu ya mizinga, na ni biashara njema: mrina wa porini mara nyingi alikata mti au kuuchoma, na mfugaji wa nyuki hana sababu ya kufanya hivyo. Kwa hesabu ya miti, teknolojia hapa imetenda wema. Lakini zipo taarifa, kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, kwamba watu wakiacha kufuata, ndege nao huacha kuongoza. Kilichotoweka hapo ni mazungumzo kati ya aina mbili za viumbe, na simu haikuhusika kwa lolote.

Haifai hata hivyo kuandika kana kwamba kila kilichokuwapo kilikuwa kizuri. Wasomi, hasa waliozaliwa vijijini na kuzeekea mjini, wana tabia ya kuupamba umaskini uliowalea. Maumbile ya Singida yalikuwa pia ya kutisha. Katika miaka ya 1940 mkoa huo ulijulikana kwa mauaji yaliyohusishwa na simba-watu, ambayo Schneider aliyachunguza upya katika makala yake ya mwaka 1962, na hofu iliyoandamana na mauaji hayo ilikuwa ni uhusiano na pori vilevile. Mwanamke aliyetembea nusu siku kutafuta maji aliijua njia ile jiwe kwa jiwe. Bomba au kisima cha pampu kilipomtua ndoo kichwani, alipoteza ujuzi huo, na hakuna mwenye haki ya kumdai aurudie.

Mfano wa kuamia ndege unaonyesha ugumu huu vizuri zaidi. Mtama na uwele ni chakula cha kweleakwelea, na kwa vizazi vingi mtoto aliwekwa juu ya dungu tangu alfajiri, akiwa na kombeo na sauti yake. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na ilimnyima shule. Lakini mtoto wa dunguni alijua ni ndege yupi anakula nafaka changa na yupi hula iliyokomaa, yupi hula wadudu na kwa hiyo aachwe, kundi hutoka upande gani na hulala wapi. Siku hizi makundi makubwa yakivamia mikoa ya kati, serikali hupeleka ndege za kunyunyizia sumu, na Kiswahili, kwa kejeli ambayo haikukusudiwa na mtu, kinalazimika kusema kwamba ndege zimetumwa kuua ndege. Mtoto yuko darasani. Hilo ni jema, lisipingwe. Ila darasani hufundishwa kwamba ndege ni kiumbe mwenye uti wa mgongo, mabawa na manyoya, na akitakiwa kutaja mifano huandika kuku, bata na njiwa. Ujuzi wa dunguni haukuhamishiwa darasani. Uliachwa shambani, na walioachiwa kuuhamisha walikuwa ni watu wa lugha.

Hapo ndipo makala haya yanapotofautiana na wale wanaoelekeza lawama yote kwenye kifaa. Yeyote aliyeifunua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 anaijua ibara iliyowachosha watumiaji wake: aina ya mti, aina ya ndege, aina ya nyasi. Fasili kama hiyo humwambia msomaji jambo analolijua tayari na kumnyima alilolitafuta. Wahariri wa baadaye wamejitahidi kuzirekebisha baadhi ya fasili hizo, lakini kuna kasoro ya pili iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya maneno yasiyoingizwa kabisa. Kiswahili sanifu kilijengwa tangu mwaka 1930 juu ya Kiunguja, na ni haki yake kuwa na utajiri wa samaki, pepo, mikoko na sehemu za jahazi, maana mabaharia waliyasema hayo kila siku. Kilipopanda bara, kikafanywa lugha ya shule, mahakama na chama, kilikutana na nchi ya nyasi ambayo haikuwa na majina yake ndani ya kamusi. Majina yalikuwapo, tena kwa mamia: katika Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo, Kisukuma. Lakini yalihesabiwa kuwa ya kikabila. Ikulu inasemwa ilitoka Kinyamwezi, na ngeli inayotumiwa katika kila darasa la sarufi inasemwa ilitoka Kihaya. Lugha iliyokwenda bara kutafuta jina la makazi ya rais haikukumbuka kuuliza jina la majani.

Kwa hiyo mtoto wa Sepuka yuko kati ya mawili. Ukoo wake una majina ya mimea katika Kinyaturu, nayo hayaandikwi popote anapoweza kuyaona. Kiswahili, ambacho ndicho anachosomea na kuandikia ujumbe katika simu, kinampa mti, jani, ndege, na lile neno kubwa mazingira, linalofundishwa kama orodha ya mambo ya kutofanya: usikate, usichome, usitupe. Neno mazingira lenyewe ni zuri kwa asili yake, maana latokana na kuzinga, yaani kumzunguka mtu pande zote. Lakini limekuwa tupu kwa kutumiwa bila vilivyomo ndani yake. Anayekatazwa kukata mti asioujua kwa jina amepewa amri tu. Na mtoto aliye katika hali hiyo akiifungua simu akaona simba wa Serengeti mwenye jina, historia na wafuatiliaji, nani atamlaumu akimjua simba huyo kuliko mti ulio nyuma ya nyumba yao? Simu imeijaza nafasi iliyoachwa wazi na kamusi.

Kwamba kinyume chake kinawezekana kumekwisha kuonekana katika mkoa wa jirani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa imefyekwa kwa ajili ya kuangamiza mbung'o, kupanua mashamba na kupata kuni, ulipata mafanikio pale ulipoacha kusisitiza miche ya vitalu peke yake na kushika desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili ifunguliwe kiangazi. Mradi ulichukua desturi hiyo pamoja na jina lake, ngitili. Neno la wafugaji likaingia katika nyaraka za serikali na ripoti za kimataifa, na maeneo yaliyorudishiwa uoto yakakadiriwa kuzidi hekta 300,000. Hapana shaka mvua, sera na bidii ya wanavijiji vilifanya kazi kubwa kuliko msamiati. Lakini ofisa aliyesema ngitili alieleweka mara moja na mzee wa kijiji, na mzee akajiona kuwa mwenye jambo hilo. Kama ingeitwa kwa ibara ya kitaalamu, ingekuwa ya serikali.

Swali linalobaki ni la teknolojia yenyewe, maana huwa ni ghala vilevile. Simu ndogo ya mkononi ina kinasasauti, kamera na uwezo wa kuonyesha mahali mtu alipo. Mtafiti wa msamiati wa miaka ya 1970 alibeba vyombo vizito kuliko mzigo wa kuni ili apate sehemu ya hayo. Wanafunzi wa shahada za Kiswahili hurudi likizo katika vijiji vya kila wilaya nchini. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, umeonyesha kwamba kazi pana ya kukusanya inawezekana hata kwa lugha zilizokuwa hazijaandikwa sana. Mwanafunzi wa Singida anaweza kukaa na mzee mfugaji wiki mbili na kurudi na majina 100 ya nyasi na miti, kila moja na picha yake, mahali pake na matumizi yake. Tasnifu za uzamili zinazorudia kuchambua riwaya zile zile tano zingepumzika kidogo, na pengine riwaya zenyewe zingeshukuru.

Katika jaribio la Niassa la mwaka 2016, mwito wa Wayao ulirekodiwa kwanza, kisha ukachezwa kwa spika, na ndege wakauitikia. Mashine iliweza kusema na ndege. Lakini ilibidi pawe na mtu wa kuibeba porini, kutembea nayo, na kumfuata ndege anaporuka kutoka tawi hadi tawi. Rekodi iliyowekwa katika maktaba ya chuo haimwiti yeyote. Ndiyo maana ukusanyaji wa majina ya nyasi usichukuliwe kuwa ni mazishi ya heshima ya lugha inayokufa, kazi ambayo idara nyingi huifanya kwa ustadi na huzuni. Majina hayo yana mahali pa kutumika leo, na mahali hapo ni kwenye ardhi yenyewe.

Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inapofasili ardhi ya jumla hujumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo huo, haina maneno hayo katika fasili yake, na wanasheria wamebishana juu ya tofauti hiyo tangu hapo. Mwanaisimu hawezi kuamua kesi yao, lakini anaweza kuuliza: isiyotumika kwa macho ya nani? Mbuga huonekana haina kitu kwa miezi mingi ya mwaka. Masika imejaa maji na hakuna apitaye. Mwisho wa kiangazi imepasuka na ng'ombe wamekwisha kuila. Anayeijua kwa jina lake anajua kwamba huko kuachwa ni sehemu ya kutumiwa. Asiyeijua kwa jina hilo huona uwanda mtupu, hasa akiutazama kutoka juu, kama Grzimek alivyotazama, kwa kuwa siku hizi mipango ya matumizi ya ardhi hutayarishwa kwa picha za setilaiti, na picha iliyopigwa Septemba haionyeshi Machi.

Mipango hiyo huandaliwa chini ya sheria ya mwaka 2007, na kijiji hushirikishwa kwa mkutano wa hadhara. Maofisa wa wilaya huja na ramani na vifaa vya kupimia. Wanakijiji hukaa chini ya mti. Kila kipande cha ardhi hutajwa, kikapewa rangi na jina la matumizi: makazi, kilimo, malisho, msitu, huduma za jamii, akiba. Muhtasari huandikwa kwa Kiswahili. Inapofika zamu ya ile ardhi nyeusi, mtendaji wa kijiji anahitaji neno moja, kwa sababu kisanduku kwenye karatasi ni kidogo. Wazee waliokaa mbele wanalo: ni mbuga. Vijana waliokaa nyuma, ambao ndio watakaoisoma ramani hiyo miaka 20 ijayo, wanalo neno lile lile, na wanajua kwamba mbuga iko Serengeti.